Aliyeegemea Mlango

Jambo la kwanza ambalo Sikudhani alifundishwa alipoajiriwa kuchora nyumba za watu wa bondeni lilikuwa kuwaondoa watu. Mtu akisimama mbele ya ukuta, ukuta haupimiki. Akikaa kizingitini, huwezi kujua kizingiti kina kimo gani. Kwa hiyo picha ikiingia, kabla hujapima chochote, unavuta fremu, unambana mtu nje ya ukingo, unakata. Wasanifu wa ofisi ile walikuwa wamezoea mno, hata wakawaita wote hao takataka, bila ubaya wowote, kama mpishi anavyoyaita maganda ya vitunguu.

Asubuhi hiyo takataka yake ilikuwa kijana mmoja mrefu. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, mkono wa kulia ameuweka kwenye kizingiti cha juu, na uzito wote wa mwili ameuachia mkono huo. Kichwa alikigeuzia uani kama anayeitwa. Sikudhani akaushika ukingo wa kulia wa fremu, akauvuta hadi kijana akatoweka, ukabaki mlango nusu. Akaurudisha ukingo nyuma, kijana akarudi, bado ameegemea. Ndivyo programu ya Kiunzi ilivyofanya kazi. Kilichokatwa hakifutwi, kinafichwa tu, na picha nzima inabaki kulekule ilikotoka.

Ilikotoka ni kichwani mwa Bi Zaituni Mkude. Bonde la Lukange lilipofunikwa na maji ya bwawa, kila kaya iliahidiwa nyumba kama ile iliyozama, lakini nyumba za bondeni hazikuwahi kuwa na ramani. Zilijengwa kwa jicho na kurekebishwa kila baada ya masika. Waliozijua ni waliozikaa. Basi wazee walivishwa kofia, wakaulizwa habari za nyumba zao, wakabandikwa kifungo kidogo nyuma ya sikio, na kumbukumbu zao zikapanda kwenye Kiunzi kama picha. Hazikunakiliwa. Sheria ilisema picha ya kumbukumbu haitakaa popote ila kichwani mwa binadamu aliyeiridhia, na ofisi iliiheshimu sheria hiyo kwa sababu faini yake ilikuwa kali. Alichokuwa nacho Sikudhani kwenye kioo kilikuwa dirisha tu. Upande wa pili wa dirisha alikuwako Bi Zaituni mwenyewe, huko kwenye mahema ya kambi, pengine akipepeta mchele.

Kijana yule alikuwamo kwenye kila picha ya mlango. Katika moja alikuwa mtoto anayetambaa kuvuka kizingiti. Katika nyingine alikuwa amekwisha kuwa mwanamume, amebeba mbao za mninga begani, na zilizofuata zilimwonyesha akizipiga randa. Mlango ule aliutengeneza mwenyewe. Sikudhani aliwakata wote hao, mmoja baada ya mwingine, akanywa chai yake, wala hakuhisi chochote.

Hakuwa mtu wa kuhisi haraka, na hilo halikuanza kazini. Mama yake alipofariki, ni yeye aliyesimamia sufuria za matanga, akahakikisha wali hauungui, na shangazi zake wakasema ana moyo wa chuma. Yeye alijua si chuma. Ilikuwa ni kama mguu uliokaliwa muda mrefu, unaugusa na unajua ni wako, lakini haukujibu.

*

Mchana ulikuwako ufunguzi wa nyumba ya Mzee Lukindo, ambayo Sikudhani ndiye aliyeichora. Desturi ya ofisi ilimtaka msanifu ahudhurie. Nyumba ilikuwa imekwisha kusimama. Waliijenga mchwa, yaani zile mashine ndogo zinazokula udongo na kuutema ukiwa ukuta, ambazo hufuata mchoro uliopigwa muhuri bila kuuliza swali. Mzee alizunguka akigusa kila kona. Alilikuta baraza lake, akalikuta tundu la kuku chini ya dirisha, akasema ndiyo yenyewe, haijapungua kitu.

Watu wa bondeni hawakuwahi kufunga matanga ndani ya hema. Kwao matanga hufungwa mlangoni, na asiye na mlango anangoja. Mkewe Mzee Lukindo, Bi Siwema, alifia kambini, na msiba wake ulikuwa ukingoja nyumba hii. Ndiyo maana alikuja Mzee Semboja, fundi baiskeli, ambaye alikuwa mtani wa koo karibu zote za bonde lile. Kazi ya mtani siku hiyo inajulikana. Anamwiga marehemu, anawatukana wafiwa kwa sauti ya marehemu, kisha analala kizingitini, na hainuki mpaka mfiwa amfunike na chochote alichovaa au alichoshika. Nguo ile inakuwa yake. Watu wanacheka, machozi yanapata njia, na msiba unakwisha.

Semboja alitokea nyuma ya nyumba amejifunga kanga mbili, anachechemea mguu wa kushoto kama Bi Siwema alivyochechemea, kikapu kichwani. Alimuuliza Lukindo kama haoni kuku wameingia tena jikoni, au kazi yake ni kukaa tu kama gunia la chumvi. Majirani walishika mbavu. Wanawake wawili tayari walikuwa wakijifuta macho kwa ncha za kanga zao. Mzee Lukindo alicheka kuliko wote.

Kisha Semboja akalala kizingitini, akafumba macho.

Mzee Lukindo alimtazama. Akamuuliza jirani yake kwa upole kama huyu mama anaumwa. Mzee akangoja kidogo kwa adabu, halafu akauinua mguu, akamruka Semboja, akaingia kuliangalia jiko lake.

Hakuna aliyecheka tena. Kuruka mtu aliyelala ni ukosefu wa adabu hata kama ni mlevi wa barabarani, sembuse mkeo. Semboja alibaki chini kwa muda, kisha akaitoa kanga moja aliyokuwa amejifunga, akajifunika mwenyewe, akainuka. Alipopita karibu na Sikudhani hakuwa na uso wa mtu aliyekuwa akichekesha.

*

Sikudhani alirudi ofisini, akafungua faili la Lukindo. Aliikumbuka picha moja ya jiko, ambamo Bi Siwema alichuchumaa karibu na mafiga akipuliza moto. Sikudhani ndiye aliyemkata, na alimkata vizuri, kwa kuufuata mstari wa bega. Akaushika ukingo wa fremu, akauvuta nje.

Kulikuwa na weupe. Akavuta zaidi, weupe ukaendelea. Akafungua picha nyingine, na nyingine. Ndani ya fremu kila kitu kilikuwapo, masizi ya ukutani, chungu kilichopasuka mdomo. Nje ya fremu hapakuwa na mtu wala ukuta wala uani.

Alikwenda kwa bosi wake, Mhandisi Chambo, akitarajia atashtuka. Chambo hakushtuka. Alifunga mlango, akamwelezea kwa utaratibu, kwa kuwa alikuwa mtu mstaarabu. Zamani wazee walisumbua. Leo dirisha lilikuwa huku, kesho wanakumbuka lilikuwa kule, na nyumba imekwisha kujengwa. Kumbukumbu hutembea. Kwa hiyo katika toleo jipya la Kiunzi muhuri ulifanywa ufunge pande zote mbili, mchoro na kichwa, ili nyumba na kumbukumbu yake zifanane daima. Hakuna aliyefikiria habari za waliokatwa. Kilichobaki nje ya fremu wakati wa muhuri kilikosa pa kuning'inia, kikaanguka. Tangu hapo malalamiko yalikwisha, na ofisi nzima ikadhani ni kwa sababu wasanifu wameongeza bidii.

Sikudhani akauliza tangu lini anajua. Chambo akasema si muda mrefu, na kwamba amekwisha kuandika juu, na wa juu wamenyamaza.

"Lukindo alikuwa akizunguka kambi nzima akimwita mkewe," alisema. "Watu walikuwa hawalali. Sasa anakula, amenenepa, unamwona. Hakuna anayeumia, Sikudhani. Nionyeshe mmoja anayeumia, nitasimamisha muhuri leo."

Alitafuta kichwani mwake mtu wa kumtaja, akamkosa. Bi Siwema alikuwa amekufa, na wafu hawaumii. Aliondoka pale akiwa na jambo linalomkera kama punje ya mchanga ndani ya kiatu, haiumizi lakini kila hatua unaisikia.

Semboja alikuwa akimngoja nje ya geti, ameegemeza baiskeli ukutani. Hakumtania. Alimwamkia kama mtu anayemwamkia hakimu.

"Dada, Siwema mmempeleka wapi?"

Sikudhani alimwambia ukweli, kwa maneno ambayo asiyejua kompyuta angeyaelewa. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akiichezea kengele ya baiskeli kwa kidole bila kuiliza.

"Bonde zima linamkumbuka Siwema," alisema. "Hata mimi namkumbuka, alinidai pampu mpaka anakufa. Lakini kumkumbuka mtu si kufiwa naye. Mfiwa ni mmoja. Sasa mkiniondolea mfiwa, mimi nalala kizingitini kumngoja nani?"

Alipanda baiskeli yake akaenda. Kuanzia siku hiyo Sikudhani aliacha kukata watu. Alipima kuta kwa kuwazunguka waliosimama mbele yake, kazi ya kuchosha na ya polepole, na wenzake wakamcheka kwamba amekuwa fundi wa kushona. Mafaili mengine ya ofisi yaliendelea kupigwa muhuri kama kawaida. Aliye kando haangukiwi na mti, na yeye alijisogeza kando, akadhani hiyo inatosha.

*

Bi Zaituni alikuja mwenyewe, hakuitwa. Alikuwa mwanamke mwembamba, aliyevaa vizuri kwa mtu wa kambini, kifungo cheusi kikionekana nyuma ya sikio chini ya ukaya. Sikudhani alimpa shikamoo na kiti. Alikuwa ameitazama mikono ya mwanamke huyu kwa majuma, kwa kuwa mtu huiona mikono yake mwenyewe katika kumbukumbu zake, na sasa aliitambua kabla ya uso.

Bi Zaituni alisema amesikia habari za Lukindo. Kambi nzima imesikia. Wengine wameogopa na kuvua vifungo. Yeye hakuja kwa sababu ya woga.

"Nimekuja kuuliza kama mwanangu umeshamkata."

Sikudhani akamhakikishia kwamba hapana. Alikuwa amemfunika tu mwanzoni, kabla hajajua, na sasa amemrudisha kila mahali. Akamgeuzia kioo, akidhani atafurahi. Kijana alikuwa pale mlangoni na mkono wake juu ya kizingiti.

Bi Zaituni hakukitazama kioo. Alikuwa akiitazama meza.

"Mkate," alisema.

Kisha akaeleza, kwa sauti ya mtu anayetaja bei za sokoni. Mwanawe aliitwa Kondo. Siku maji yalipopanda walikuwa wamekwisha kufika juu wote wawili, na vyombo vyao, salama. Ni yeye aliyeukumbuka mlango. Alimwambia Kondo, mbao za mninga hizo, umezipiga randa kwa mikono yako, utaziacha zioze? Akaulete mlango. Kondo hakupenda, lakini hakuwa mtoto wa kubishana na mama. Alishuka. Maji yaliporudi tena hayakuja kwa kupanda, yalikuja kwa kusukuma. Mlango ulionekana baada ya siku mbili ukielea peke yake.

"Hata nikifumba macho yupo," alisema. "Nikila yupo. Ananiuliza kama kuna maji ya kunywa. Alikuwa hivyo, akirudi popote haamkii kwanza, anaegemea mlango anauliza maji. Sasa ninyi mnanijengea mlango uleule, palepale anapoegemea. Nitaingiaje humo?"

Sikudhani alisema wanaweza kubadilisha mlango. Bi Zaituni akasema yeye anautaka mlango, asichokitaka ni aliyeuegemea. Sikudhani akasema uchungu hupungua na wakati. Alijisikia mwenyewe jinsi maneno hayo yalivyokuwa mepesi. Akasema pia kwamba baadaye, akipoa, atamhitaji mwanawe na hatampata.

"Una mtoto?"

"Sina, mama."

"Umewahi kumtuma mtu akafe?"

"Sijawahi."

"Basi kitanda usichokilalia usinihesabie kunguni wake." Hakusema kwa ukali. "Mwanangu, wewe umesoma, na nakuona una roho nzuri. Lakini roho yako nzuri unataka kuionyesha kwa mgongo wangu. Ninyi mnataka niwe namtunza Kondo kama mtungi wa maji, ili nyie mkipita mseme mama yule hajasahau. Mimi nimechoka kuubeba. Lukindo analala."

"Nikimkata nitampeleka wapi?" Sikudhani aliuliza. Swali lenyewe lilimtoka bila kulifikiria.

"Popote. Unakotaka. Mimi nimekupa."

Akanyanyuka, akamshukuru kwa kiti, akaondoka. Alikuwa hajalia hata tone, wala sauti haikumtetemeka, na Sikudhani, ambaye alijua kimya cha namna hiyo kwa kuwa aliishi nacho, alitambua kwamba huyu hakuwa mtu asiyehisi. Huyu alikuwa amesimama na mgongo kwenye mlango, anauzuia usifunguke.

*

Aliitafakari kazi ile kwa juma zima. Akikataa, atakuwa amemhukumu mama kubeba asichoweza kubeba, na msanifu mwingine atamkata Kondo bila hata kuulizwa, kwa mazoea tu. Akikubali, kijana atakwisha. Si kwamba bonde halitamjua. Semboja atamjua, majirani watamjua. Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi wa Kondo alikuwa amebaki mmoja. Ukikata hapo, Kondo anabaki kuwa habari tu, kama jina la mtu kwenye basi lililoanguka mahali pengine.

Na hakuna aliyeumia, kama alivyosema Chambo. Ndilo lililomtatiza. Alihisi kwamba ni lazima mtu mmoja aumie, na hakujua alipata wapi wazo hilo, yeye ambaye hakumlilia hata mama yake.

Ndani ya Kiunzi kulikuwa na amri moja ambayo haikutumika sana, iliyoitwa mpokeaji. Iliwekwa kwa ajili ya wazee waliokuwa wakikaribia kufa kabla ya nyumba zao kuchorwa. Picha zao ziliweza kuhamia kichwani mwa mtoto au mjukuu aliyeridhia, na sheria haikuvunjwa, maana zilitoka kichwa kimoja zikaingia kingine. Kiunzi hakikuuliza undugu. Kiliuliza majina mawili na ridhaa mbili. Ridhaa ya kwanza alikwisha kupewa, mezani hapa, mbele ya kikombe cha chai iliyopoa.

Alikata kwa uangalifu kuliko alivyowahi kukata. Katika kila picha aliufuata mwili wa Kondo, sikio, kiwiko, kisigino, asije akamwachia mama hata kivuli. Picha ya kizingitini ilimchelewesha zaidi, kwa sababu ya vidole. Vilishika ubao, na ubao ulitakiwa ubaki. Alipomaliza, mlango ulikuwa mtupu na safi, kizingiti kimoja, miimo miwili, giza la jiko ndani yake.

Alijibandika kifungo nyuma ya sikio. Kilikuwa baridi. Kwenye nafasi ya mpokeaji aliandika jina lake, akathibitisha, kisha akapiga muhuri.

Alingoja. Nje fundi mmoja alikuwa akiosha pikipiki. Sikudhani alijichunguza kama mtu anayejipapasa baada ya kuanguka, akakuta kila kitu kiko sawa. Ni kweli alimkumbuka mtoto anayetambaa, alikumbuka vumbi la randa kwenye nywele za kijana, na mgongo wa mtu anayeshuka mtelemko bila kugeuka. Alizikumbuka kama anavyokumbuka filamu aliyoiona zamani. Hazikumgusa. Alikwenda nyumbani akala ugali na dagaa, akalala, akaamka. Alidhani amri haikufanya kazi, na kwa aibu kidogo alishukuru.

*

Nyumba ya Bi Zaituni ilifunguliwa mvua za kwanza zilipokuwa zimekwisha kupita na ardhi bado laini. Mchwa walikuwa wameifanya vizuri. Mlango wa jiko ulikuwa wa mninga, maana Bi Zaituni aliuleta ule wenyewe, ulioelea, na watu walishangaa jinsi alivyoushika upande mmoja akisaidia kuupachika, akiimba kwa sauti ya chini. Alikuwa amepata mwili kidogo. Alimkumbatia Sikudhani, akamwambia nyumba imekuja kama alivyoiacha, haijapungua kitu.

Majirani walikaa uani kwenye mikeka. Wote walijua. Semboja naye alijua, na Sikudhani hakutegemea kwamba angekuja, lakini mtani akiacha msiba bila kuufunga hana pa kuuweka uso wake. Alikuja kwa njia ya mtelemko, amevaa shati la kazi lenye vumbi la mbao. Hakuwaamkia watu. Alifika mlangoni, akauinua mkono wa kulia, akauweka kwenye kizingiti cha juu, akauachia uzito wake wote. Akakigeuzia kichwa uani.

"Mama," alisema. "Kuna maji ya kunywa?"

Mwanamke mmoja kwenye mkeka alifunika uso. Bi Zaituni alitabasamu kwa ukarimu wa mwenye nyumba mpya.

"Yapo, baba. Mpeni maji huyu, ametoka mbali." Kisha akamwinamia jirani, akamuuliza Semboja anamwiga nani.

Semboja hakuyapokea maji. Alijishusha taratibu, akalala kizingitini, akafumba macho. Uani wote wakatazama chini, kwa sababu walikuwa wamekwisha kuona kwa Lukindo kinachofuata. Bi Zaituni alimtazama yule mzee aliyelala mlangoni pake, akasita. Sufuria ilikuwa jikoni na moto ulikuwa mkubwa. Akaikunja kanga yake kidogo juu ya kifundo cha mguu, tayari kuruka.

Sikudhani alikuwa amesimama nyuma ya watu, karibu na tangi la maji. Alikuwa ameuona mkono wa Semboja ukiondoka kwenye kizingiti, na mahali ule mkono ulipokuwa pakabaki patupu, na jambo fulani ndani yake likaachia. Hakuelewa ni nini. Alijua tu kwamba mlango ule ulikuwa mzito, kwamba ulihitaji watu wawili, kwamba alilijua hilo tangu mwanzo na bado alimwambia nenda. Alikuwa amekwisha kupita katikati ya mikeka. Alimshika Bi Zaituni mkono kabla hajauinua mguu, akamsogeza pembeni. Akaivua kanga aliyokuwa amejitanda mabegani, akamfunika Semboja kuanzia kichwani, kisha akakaa chini pale pale, akalia. Alilia kwa sauti, vibaya, kama mtu asiyejua inavyofanywa. Ndani ya kilio hicho alikuwamo Kondo na alikuwamo mama yake mwenyewe, na wali usioungua.

Semboja hakuinuka mara moja. Aliuliza kutoka chini ya kanga, kwa sauti ambayo watu wa mikekani hawakuisikia.

"Na wewe ni nani wake?"

"Ulikuwa mzito," alisema Sikudhani. "Nisingemtuma."

Mzee akakaa kitako, kanga mabegani, akamtazama. Halafu akafanya ilivyompasa. Alimwambia kwa sauti kubwa kwamba analia kama baiskeli isiyotiwa mafuta, na kwamba kanga yenyewe aliyompa imechuja. Mtu mmoja akacheka mikekani, mwingine akafuata, kisha uani kote watu wakawa wanacheka na kulia kwa pamoja, kama inavyotakiwa.

Bi Zaituni alikuja na kikombe cha maji. Hakupenda kumwona mgeni analia nyumbani kwake, tena siku kama ile. Alichuchumaa mbele ya Sikudhani, akamshikisha kikombe kwa mikono yote miwili, akamfuta uso kwa ncha ya kanga yake.

"Pole, mwanangu," alisema. "Kumbe una msiba. Umefiwa na nani?"